Mgusano Uliokuwa Nje ya Molekuli: Nilivyoisoma Himoglobini ya Selimundu

Mpwa wangu alizaliwa na selimundu, na dada yangu, ambaye ndiye mama yake, si mtu wa kuridhika na jibu la nusu. Siku moja waliporudi kutoka kliniki aliniuliza: "Kaka, wewe husema himoglobini ya huyu mtoto inatofautiana na ya kawaida kwa asidi amino moja tu, katika mnyororo wenye asidi 146. Sasa moja kati ya 146 inawezaje kumlaza mtoto wiki nzima?" Nilimjibu kwa maneno niliyoyazoea, kwamba asidi hiyo moja huzifanya molekuli za himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, zishikamane, lakini nilipomaliza kusema nilitambua kwamba mshikamano huo sijawahi kuutazama mwenyewe. Kazi yangu ya kila siku ni kuandika programu za kuchambua data za kibaolojia, na faili lenye jibu la swali lake liko wazi kwa mtu yeyote mwenye intaneti. Basi nilikaa nikaanza kupima, na haya ndiyo niliyoyapata.

Protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja. Asidi zilizo mbali sana katika mnyororo, kwa mfano ya 10 na ya 120, zinaweza kujikuta zimekaa bega kwa bega baada ya mnyororo kujikunja, na ujirani huo ndio unaoipa protini umbo lake na kazi yake. Kuchambua migusano ni kuuliza, kwa kila jozi ya asidi amino, kama zinagusana au hazigusani. Mnyororo wa beta wa himoglobini una asidi 146, kwa hiyo una jozi 10,585 za kuulizia. Himoglobini nzima, yenye minyororo miwili ya alfa na miwili ya beta, ina asidi 574 na jozi 164,451. Kwa kompyuta hiyo si kazi kubwa. Ugumu uko katika neno "kugusana", kwa sababu atomu hazina ngozi, na mtu anayepima analazimika kuamua mwenyewe mgusano unaanzia wapi.

Hapa nitakaa kidogo, maana nimeona watu wengi wakiruka hatua hii kana kwamba imeshaamuliwa. Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kuchukua atomu moja tu kuiwakilisha kila asidi amino, mara nyingi kaboni alfa iliyo kwenye uti wa mnyororo, au kaboni beta inayoanzisha mnyororo wa pembeni, yaani tawi linalotofautisha asidi amino moja na nyingine, kisha kusema kwamba jozi yoyote iliyo ndani ya angstromu 8 inagusana. Angstromu moja ni sehemu ya kumi ya nanomita. Katika mashindano ya kimataifa ya kutabiri miundo ya protini, kipimo kilichozoeleka ni hicho cha kaboni beta na angstromu 8, isipokuwa kwa asidi amino iitwayo glisini, ambayo haina kaboni beta na hivyo hupimwa kwa kaboni alfa. Kipimo hiki ni chepesi na kinafaa kulinganisha maelfu ya protini, lakini hudanganya kwa pande mbili. Arginini na glutamati zina mikono mirefu, na zinaweza kushikana barabara kwenye ncha ilhali kaboni alfa zao ziko mbali kupita angstromu 8. Kwa upande mwingine, asidi mbili zinaweza kuwa karibu kwenye uti huku minyororo yao ya pembeni ikielekea pande tofauti, mithili ya majirani wa nyumba zilizopakana kwa migongo ambao milango yao haionani kamwe.

Njia ya pili, ambayo ndiyo niliyoitumia, ni kuzipima atomu zote isipokuwa hidrojeni na kuhesabu mgusano pale ambapo atomu yoyote ya asidi moja iko ndani ya angstromu 4.5 kutoka kwa atomu yoyote ya asidi nyingine. Hidrojeni huachwa kwa sababu miundo hii hupimwa kwa kuzimulika fuwele za protini kwa mionzi ya eksirei, nayo kwa kawaida haizioni hidrojeni vizuri. Baada ya hapo mtu anaweza kuigawa migusano kwa aina: bondi ya hidrojeni, ambayo atomu zake mbili kubwa hukaa karibu angstromu 2.5 hadi 3.5, daraja la chumvi kati ya chaji chanya na chaji hasi, kwa kawaida ndani ya angstromu 4, na migusano ya asidi zinazokwepa maji, ambazo hazishikani kwa chaji bali hujikusanya pamoja kama matone ya mafuta ndani ya mchuzi. Jozi zilizofuatana kwenye mnyororo huondolewa, kwani hizo zitagusana hata mnyororo ukinyooshwa. Mimi niliziacha zote ambazo nafasi zake zinatofautiana kwa chini ya 4, na naamini kila anayechapisha hesabu ya migusano anawajibika kuandika namba hizi waziwazi, kwa sababu hesabu ya migusano isiyotaja ukomo wake haiwezi kurudiwa na mtu mwingine.

Kuna mitego midogo ambayo nitaitaja kwa haraka. Baadhi ya asidi huandikwa kwenye faili zikiwa na mikao miwili, na programu isiyo makini huzihesabu mara mbili. Ncha za minyororo mara nyingi hazionekani kabisa, kwa hiyo kukosa mgusano hapo hakumaanishi kwamba haupo. Na kwa kuwa eksirei hazitofautishi kirahisi nitrojeni na oksijeni, ncha ya glutamini au asparajini inaweza kuwa imegeuzwa, na bondi ya hidrojeni ikaandikwa mahali ambapo kwa kweli kuna msukumano.

Sasa nirudi kwa himoglobini yenyewe. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu husafiri tofauti na ya kawaida katika uga wa umeme, jambo lililomaanisha kwamba chaji yake imebadilika, na wakauita ugonjwa huo ugonjwa wa molekuli. Miaka michache baadaye, kati ya 1956 na 1957, Vernon Ingram, akiwa Cambridge, aliikatakata protini hiyo na kubaini kwamba glutamati moja ya mnyororo wa beta imegeuka kuwa valini. Katika mji huohuo Max Perutz alikuwa akiitafuta ramani ya himoglobini kwa eksirei, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1962 pamoja na John Kendrew. Nasi wa Afrika Mashariki tumo katika historia hii kwa karibu: mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi aliokusanya katika eneo letu kwamba mtu mwenye nakala moja tu ya jeni ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu jeni hiyo imeenea pale ambapo malaria imekuwepo kwa muda mrefu.

Nilipakua faili mbili kutoka Benki ya Data za Protini. Ya kwanza, 2HHB, ni himoglobini ya kawaida isiyo na oksijeni. Ya pili, 2HBS, ni himoglobini ya selimundu isiyo na oksijeni, iliyopimwa kwa usahihi wa angstromu 2.05 na kuchapishwa mwaka 1997. Katika ile ya pili, kipande cha msingi cha fuwele kina molekuli mbili kamili za himoglobini, yaani minyororo minane.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kuhesabu. Siku hizi wanajenetiki huyaita mabadiliko haya kwa namba 7, kwa kuwa wanaihesabu pia metionini inayoanzisha kila protini, ingawa metionini hiyo hukatwa kabla himoglobini haijakamilika. Niliiambia programu inionyeshe asidi ya 7 ya mnyororo wa beta katika 2HBS, nayo ikaniletea glutamati. Nilikaa nikiitazama, nikadhani nimepakua faili la himoglobini ya kawaida, nikalipakua upya, na glutamati ikabaki palepale. Sababu ni kwamba mnyororo wa kawaida una glutamati mbili zinazofuatana, ya 6 na ya 7 kwa hesabu ya zamani. Faili hutumia hesabu ya zamani, kwa hiyo iliyogeuka ni ile ya 6, na jirani yake wa 7 hajaguswa. Jioni nzima iliishia hapo. Tangu siku hiyo, kabla ya kupima chochote, huchapa kwanza asidi kumi za mwanzo za mnyororo na kuzisoma moja baada ya nyingine: valini, histidini, lusini, treonini, prolini, kisha ile ninayoitafuta.

Baada ya kurekebisha hilo nilichora ramani za migusano. Ramani ya aina hii ni mraba ambao pande zake zote mbili ni namba za asidi amino, na kila panapogusana jozi huwekwa nukta. Kwa aliyezoea, umbo la protini husomeka humo. Misokoto, yaani sehemu ambazo mnyororo umejizungusha kama springi, huonekana kama mkanda mzito unaofuata ulalo wa mraba, kwa sababu katika msokoto kila asidi humgusa jirani wa nne mbele yake. Na pale ambapo misokoto miwili inaegemeana, nukta hutokea mbali na ulalo kwa vishada vyenye nafasi kati yake. Himoglobini karibu yote ni misokoto, hivyo ramani yake ni safi na inapendeza. Niliziweka ramani za 2HHB na 2HBS moja juu ya nyingine nikitarajia kuuona ugonjwa wa mpwa wangu ukijitokeza, lakini ndani ya molekuli karibu hapakuwa na tofauti. Valini ya 6 imekaa juu ya uso wa protini, mwanzoni kabisa mwa msokoto wa kwanza, na ndani ya mnyororo wake haikuwa imevuruga kitu cha maana.

Jambo hili lilinishughulisha kwa siku kadhaa, na nadhani ndilo somo kubwa nililolipata katika kazi yote. Nilikuwa nimeiandika programu yangu ipime mnyororo mmoja mmoja, kwa kuwa ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa, na kwa kuwa mnyororo mmoja ni rahisi kuuchora. Swali la dada yangu halikuhusu mnyororo mmoja. Lilihusu molekuli nyingi zinazokutana ndani ya chembe nyekundu ya damu iliyosongamana himoglobini. Nikaibadilisha programu ipime migusano kati ya molekuli ya kwanza na ya pili. Kupima kila atomu na kila atomu nyingine kungelazimu mamilioni ya hesabu, kwa hiyo niligawa nafasi yote katika vyumba vya mchemraba vyenye upana wa angstromu 4.5, ili kila atomu ilinganishwe tu na zilizo katika chumba chake na vile 26 vinavyokizunguka. Kazi ilimalizika kabla sijanyanyua kikombe cha chai.

Orodha iliyotoka ilikuwa fupi, na valini ya 6 ilikuwemo. Ilikuwa imeingia katika kishimo kilicho juu ya mnyororo wa beta wa molekuli jirani, kati ya misokoto miwili inayoitwa kwa herufi E na F. Kuta za kishimo hicho ni alanini ya 70, fenilalanini ya 85 na lusini ya 88, zote tatu ni asidi zinazokwepa maji, nayo valini ni ya ukoo huohuo. Niliigeuza picha taratibu kwenye skrini. Vidole viwili vya kaboni vya valini vimezama kati ya pete bapa ya fenilalanini na tawi la lusini, bila nafasi ya maji kupita. Kisha nikajaribu kuiweka glutamati mahali pake: ni ndefu zaidi, na inabeba chaji hasi kwenye ncha, chaji ambayo ingelazimika kuyaacha maji na kuingia ndani ya mafuta. Haingii. Kishimo chenyewe si cha ugonjwa, kwani wewe na mimi tunacho, kila mtu mwenye himoglobini ya kawaida anacho. Kilichokosekana kwetu ni kitu cha kukijaza. Na karibu na hapo kuna mgusano mwingine unaousaidia ule wa kwanza, ambapo treonini ya 4 ya molekuli moja inafunga bondi ya hidrojeni na aspatati ya 73 ya molekuli nyingine.

Mgusano huu hutokea pale himoglobini inapokuwa imeachia oksijeni. Inapoibeba oksijeni, nusu moja ya molekuli hujizungusha kwa takriban digrii 15 dhidi ya nusu nyingine, na mpangilio mzima wa nyuso zake unabadilika kiasi kwamba molekuli haziwezi tena kupangana mstari kuwa nyuzi ndefu. Ndiyo maana damu ya mgonjwa inaweza kupita salama mapafuni na kuleta madhara kwenye mishipa midogo ya mwili, ambako oksijeni inashushwa.

Kuna jambo lililonishangaza zaidi. Kila molekuli ina minyororo miwili ya beta, kwa hiyo ina valini mbili za nafasi ya 6, lakini ni moja tu kati ya hizo inayoingia katika kishimo cha molekuli ya uzi wa jirani. Hilo linatosha kuunganisha nyuzi mbili ubavu kwa ubavu. Ili kuona jinsi kila uzi unavyorefuka, orodha yangu ya molekuli mbili haikutosha, kwa kuwa faili huandika kipande cha msingi cha fuwele pekee, na kilichobaki lazima kijengwe kwa kanuni za ulinganifu zilizoandikwa juu ya faili hilohilo. Nilipozijenga nakala za jirani, migusano ya kichwa kwa mkia ilijitokeza, na utepe wenye nyuzi mbili ukaendelea hadi mwisho wa skrini. Ndani ya chembe ya damu nyuzi 14 za namna hii, yaani tepe saba, husokotana kuwa unyuzi mmoja wenye unene wa takriban nanomita 21, na nyuzi hizo ndizo zinazoinyoosha chembe na kuipa umbo la mundu.

Orodha ya migusano ilianza kuzungumza zaidi nilipoisoma sambamba na aina nyingine za himoglobini zinazojulikana. Ipo himoglobini iitwayo Korle-Bu, yenye jina la mahali huko Accra, ambayo aspatati yake ya 73 imegeuka kuwa asparajini. Ikichanganyika na himoglobini ya selimundu huudhoofisha mshikamano. Kwa upande mwingine, glutamati ya 121 iko kwenye migusano ya kichwa kwa mkia, na mabadiliko mahali hapo, kama yale ya himoglobini D-Punjab na O-Arab, huufanya ugonjwa kuwa mkali mtu akirithi moja ya hizo pamoja na selimundu. Kabla ya hapo nilikuwa nikiyasoma majina haya kama orodha ya kukariri. Nilipokuwa na ramani mbele yangu, kila moja lilipata nafasi yake juu ya uso wa molekuli.

Hata hivyo, ni lazima niseme orodha hii haiwezi kufanya nini. Nukta kwenye ramani haisemi mgusano una nguvu kiasi gani, wala haisemi unadumu muda gani. Mgusano wa valini ni dhaifu ukiutazama peke yake, na kinachoufanya uwe hatari ni wingi wa molekuli zilizobanana. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba muda wa kusubiri kabla nyuzi hazijaanza kujengeka hutegemea ukolezi wa himoglobini kwa kipeo kinachoweza kufika 30, maana yake ukolezi ukipanda kidogo tu, muda huo hupungua mno. Ndiyo maana kliniki humsisitizia mama ampe mtoto maji kila mara: chembe iliyopungukiwa na maji ina himoglobini iliyokolea zaidi. Jambo hilo huwezi kulipata kwenye faili la fuwele, hata ukilipima kwa mwaka mzima.

Jumapili iliyofuata nilimwonyesha dada yangu kishimo kile kwenye kompyuta. Alikitazama kwa muda mrefu, akaniambia nigeuze picha upande wa pili, kisha akauliza: "Na ile dawa anayokunywa kila siku, inafanya kazi wapi hapa?" Mtoto anatumia haidroksiyurea. Nilimweleza kwamba dawa yenyewe haikigusi kishimo hiki, bali huuamsha mwili uendelee kutengeneza himoglobini ya kichanga, ile ambayo watoto huzaliwa nayo na inayowakinga katika miezi yao ya kwanza. Himoglobini hiyo ina mnyororo wa gama badala ya beta, na mojawapo ya tofauti zake muhimu iko nafasi ya 87, jirani kabisa na lusini ya 88: beta ina treonini, gama ina glutamini, iliyo kubwa zaidi, nayo huharibu ule mpangilio wa kukaribiana. Nikamwambia pia kwamba watafiti wamelichukua badiliko hilohilo moja, treonini kuwa glutamini katika nafasi ya 87, wakalitia ndani ya jeni ya beta inayotumika katika tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023.

"Nionyeshe hiyo 87," akasema. Nikaipaka rangi nyekundu. Akaweka kidole kwenye skrini, akahesabu kwa sauti kutoka 85, iliyokuwa ya njano: themanini na tano, themanini na sita, themanini na saba, kisha akamwita mwanawe aje aone.